Maji ya Bombomu

Asubuhi ya tarehe 2 Septemba 1898, kwenye uwanda wa Kerreri karibu na Omdurman nchini Sudan, askari wa Kiingereza walianza kupokezana bunduki. Zile walizokuwa nazo zilikuwa zimepata moto hata hazishikiki. Jeshi la Khalifa Abdullahi, mtawala wa Sudan, watu wapatao 50,000, lilikuwa likija mbio mahali pasipo na kichaka wala jiwe la maana la kujifichia, na safu ya Jenerali Kitchener ilikuwa ikifyatua bila kupumua. Winston Churchill, kijana wa miaka 23 aliyekuwepo vitani kama ofisa wa askari wapanda farasi na huku akiandikia gazeti, alieleza baadaye kwamba mitutu ilipozidi moto, askari wa mbele walibadilishana bunduki na wenzao wa akiba. Bombomu za Maxim, zile bunduki za kupiga mfululizo, nazo zilikausha maji yake yote. Baadhi yake zilitiliwa maji ya kunywa kutoka kwenye chupa za askari wa kikosi cha Cameron Highlanders, ndipo zikaendelea na kazi yake ya kuua.

Kabla jua halijafika utosini Wasudani wapatao 10,000 walikuwa wamelala chini. Upande wa Kitchener wafu hawakufika 50.

Tumesoma mengi juu ya silaha hiyo iliyowapa Wazungu Afrika kwa bei rahisi. Tumesoma kasi yake, mkanda wake wa risasi, na kiburi cha waliokuwa nyuma yake. Maji yake hayatajwi sana, na mimi naona hapo ndipo hadithi ilipo. Bombomu ilikuwa mashine yenye kiu. Pasipo maji, baada ya dakika chache inageuka chuma cha moto kinachotapanya risasi ovyo. Anayetaka kujua ilikuwa na nguvu kiasi gani, na mwisho wa nguvu hiyo ulikuwa wapi, aanze kwa kuuliza nani aliyabeba hayo maji.

Kwanza, huo moto wenyewe. Baruti inapolipuka ndani ya mtutu, gesi yake hufikia joto la zaidi ya nyuzi 2,000 za sentigredi, na chuma cha pua huyeyuka kwenye nyuzi kama 1,500. Mtutu hauyeyuki kwa sababu mlipuko ni wa kufumba na kufumbua. Takriban theluthi moja tu ya nguvu ya baruti ndiyo inayoisukuma risasi. Nyingine hutoka mdomoni pamoja na gesi, na sehemu yake kubwa huingia kwenye kuta za mtutu. Risasi moja haina madhara ya kuonekana. Ngozi ya ndani ya chuma hupata moto ghafla, kisha joto husambaa na kupotelea hewani. Lakini risasi zikifuatana, chuma hakipati nafasi ya kupoa. Mbele kidogo ya chumba cha risasi, pale gesi inapopita ikiwa kali kuliko kwingine kote, nyufa ndogo mno huanza kujichora, gesi huzifuata na kuzipanua, na ile mifuo ya mzunguko inayoizungusha risasi huanza kulika. Risasi isiyozungushwa sawasawa hupinduka hewani na kupiga ubavu. Moto ukizidi zaidi, risasi iliyokaa chumbani hujilipukia yenyewe bila mtu kugusa kifyatulio.

Mambo haya askari waliyajua kwa viganja kabla wahandisi hawajayaandika. Waingereza waliopigana na Wazulu mwaka 1879 walikuwa na Martini-Henry, bunduki ya risasi moja moja yenye baruti nyeusi. Baada ya kufyatua mara kadhaa mfululizo ilikuwa haishikiki. Pale Rorke's Drift, usiku wa tarehe 22 Januari, watu walizungushia mitutu matambara ili waweze kuendelea. Wengine katika vita hivyo walishona ngozi mbichi ya ng'ombe kuzunguka bunduki, wakaiacha ikaukie hapohapo na kubana. Mkono ulipona. Mtutu haukufaidi chochote, kwani kilichofunikwa kwa ngozi hakipoi upesi, kinazidi kuhifadhi joto.

Mmarekani Richard Gatling alikuwa ameshapata dawa ya aina nyingine tangu 1862. Bunduki yake ilikuwa na mitutu sita au zaidi iliyozungushwa kwa mkono, na kila mmoja ukipiga kwa zamu, ile mingine inapata wasaa wa kupoa. Fikra ni nzuri na ipo hadi leo kwenye silaha za ndege za kivita. Ila Gatling ilikuwa nzito, ilihitaji magurudumu na wanyama wa kuikokota, na aliyeizungusha kwa pupa aliikwamisha.

Hapo ndipo anapoingia Hiram Maxim, aliyezaliwa mwaka 1840 katika jimbo la Maine, Marekani, fundi wa kila kitu, kuanzia taa za umeme hadi mtego wa panya. Alihamia London, akafungua karakana mtaa wa Hatton Garden, na kufikia 1884 alikuwa na bunduki inayojiendesha yenyewe. Teke la risasi iliyotoka ndilo lililotoa ganda tupu, likavuta risasi nyingine kutoka kwenye mkanda na kuifyatua. Mpigaji alibonyeza tu. Risasi 600 kwa dakika kupitia mtutu mmoja: hakuna chuma kinachostahimili hivyo kikiachiwa hewa peke yake. Maxim akauvika mtutu ala ya shaba nyeupe iliyojaa maji.

Uzuri wa maji ni tabia anayoijua kila mpishi. Sufuria yenye maji juu ya moto haiungui hadi maji yakauke, kwani maji yakishachemka hayapandi joto tena, na moto wote unaoongezwa unaishia kwenye kuyageuza mvuke. Mtutu ulio ndani ya maji yanayotokota hauwezi kupanda kupita kiasi upande wa nje, hata ukipiga mchana kutwa, mradi maji yapo. Kwenye Vickers, bunduki ya Kiingereza iliyozaliwa na Maxim, ala ilichukua kama lita nne. Risasi kama 600 za mfululizo zilitosha kuyachemsha, na baada ya hapo kila risasi 1,000 zilikula karibu lita moja. Debe moja la mafuta ya taa, yaani lita 18, lilitosha kwa risasi zipatazo 20,000. Mtutu wenyewe ulibadilishwa baada ya risasi kama 10,000, kwa sababu maji huokoa chuma kisilainike lakini hayaizuii gesi kukila kwa ndani.

Bombomu mojawapo ya kwanza kabisa ilifika pwani yetu mapema mno. Februari 1887 Henry Morton Stanley alitia nanga Unguja akiwa njiani kwenda kumwokoa Emin Pasha, gavana aliyezingirwa kusini mwa Sudan. Kwenye shehena yake ilikuwamo Maxim aliyopewa zawadi na mwenye kuibuni. Stanley aliajiri Unguja wanaume zaidi ya 600, akamchukua na mfanyabiashara Tippu Tip, wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema kwa meli hadi mdomo wa mto Kongo. Kutoka hapo wakapanda juu, wakaingia msitu wa Ituri. Waliorudi Bagamoyo mwezi Desemba 1889 walikuwa wachache kuliko waliotoka. Wengi walikufa kwa njaa, ndui na vidonda vya miguu. Maxim ilivuka bara.

Ilivuka kwa vichwa na mabega ya watu. Mzigo wa mpagazi siku zile ulikuwa kama frasila mbili, na bunduki pekee, bila kiweko chake wala risasi, ilikuwa karibu hapo. Kiweko ni mzigo mwingine. Masanduku ya risasi ni mizigo mingine mingi, maana silaha inayokula risasi 600 kwa dakika inamaliza kwa pumzi chache kilichobebwa kwa miezi. Waungwana wa London walioiona Maxim kwenye maonyesho hawakuiona ikipita kwenye matope ya Ituri ikiwa kichwani mwa kijana wa Kiunguja mwenye homa.

Silaha hiyo haikustaafu. William Mackinnon, mkubwa wa kamati ya kumwokoa Emin, ndiye huyohuyo aliyeongoza Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, na Kapteni Frederick Lugard alipopanda kwenda Buganda kwa niaba ya kampuni hiyo na kufika Mengo Desemba 1890, Maxim aliyokuwa nayo ni ileile iliyovuka Afrika na Stanley. Lugard mwenyewe aliilalamikia kuwa imechakaa. Kapteni Williams alimletea nyingine baadaye. Tarehe 24 Januari 1892 vita vilizuka mjini Mengo baina ya Waganda wa upande wa Wakatoliki, walioitwa Wafransa, na wale wa upande wa Waprotestanti, walioitwa Waingereza. Lugard akapiga kutoka kilima cha Kampala, Wafransa wakavunjika, na Kabaka Mwanga akakimbilia kisiwa cha Bulingugwe. Ukisoma hesabu za siku hiyo unaona kwamba bombomu ile mbovu ilifanya kazi zaidi kwa sifa zake kuliko kwa risasi zake. Watu waliifahamu inavyosemwa. Hawakufahamu hali ya mtutu wake.

Na si kila mahali sifa zilitosha. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, msafara wa kijeshi wa Mjerumani Emil von Zelewski uliingia kwenye mtego wa Wahehe wa Mkwawa ukiwa umejipanga foleni ndefu kwenye njia nyembamba. Silaha nzito hazikupata hata nafasi ya kutayarishwa. Zelewski aliuawa, na Wahehe wakaondoka na bunduki zipatazo 300. Silaha inayotaka kiweko, mkanda, maji na watu kadhaa wa kuihudumia ni silaha ya mtu aliyepata muda wa kuketi. Mkwawa hakuwapa muda.

Katika miaka hiyohiyo Ulaya ilibadilisha baruti, na badiliko hilo liliongeza moto. Baruti nyeusi ilitoa moshi mzito na masizi, lakini haikuwa kali sana kwa chuma. Mwaka 1889 Waingereza walipata kordaiti, baruti isiyo na moshi, iliyokuwa na nitrogliserini asilimia 58. Iliungua kwa joto kali mno. Bunduki ya Lee-Metford, ileile waliyopokezana askari pale Kerreri, ilikuwa na mifuo ya ndani mifupi yenye kona za mviringo, iliyobuniwa wakati wa baruti nyeusi ili isishike masizi. Kordaiti iliilamba upesi. Ndipo ikaja Lee-Enfield mwaka 1895 yenye mifuo ya kina zaidi, yenye kingo kali. Baada ya vita dhidi ya Makaburu huko Afrika Kusini kuonyesha mitutu inavyoliwa, mnamo 1901 nitrogliserini ilishushwa hadi asilimia 30. Ndani ya kordaiti kulikuwa pia na vaselini, asilimia tano, iliyotiwa kwa nia ya kulainisha mtutu. Kina mama wanaowapaka watoto vaselini kabla ya kwenda shule hawana habari kwamba mafuta hayo yalishapigana vita.

Mwaka 1905 ulikuja mkutano wa ajabu wa maji na maji. Kule Ngarambe, karibu na mto Rufiji, Kinjikitile Ngwale aligawa dawa ya maji iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na mbegu za mtama. Aliyeinywa au kunyunyiziwa aliambiwa kuwa risasi za Wajerumani zitageuka maji mwilini mwake. Mwishoni mwa Julai watu wa Nandete katika vilima vya Umatumbi waling'oa pamba ya serikali, na vita vikaanza. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, lakini dawa ilikuwa imeshapita mikono mingi kuliko kamba ya Mjerumani ingeweza kufikia.

Tarehe 30 Agosti, maelfu ya Wapogoro na Wambunga walilishambulia boma la Mahenge. Ndani alikuwamo Kapteni Theodor von Hassel na askari wapatao 60, pamoja na mamia ya wapiganaji Waafrika waliokuwa upande wake, na bombomu mbili. Washambuliaji walikuja kwa safu, mchana kweupe, wakipanda kuelekea kwenye mdomo wa bunduki, kama watu walioamini walichopewa. Safu ya mbele ilipoanguka, iliyo nyuma iliruka maiti na kuendelea. Kundi jingine likaja baada ya la kwanza kuvunjika, nalo likapokewa vilevile. Hadi walipoacha, mteremko ulikuwa umejaa wafu.

Waliandika wengi kuhusu ujinga wa waliotegemea maji. Sioni ujinga mkubwa hapo. Ndani ya boma kulikuwa na watu waliotegemea maji vilevile, lita chache kuzunguka kila mtutu, na laiti yasingekuwepo, zile bombomu mbili zisingedumu, na hata safu ya kwanza ingekuwa na mwisho mwingine. Tofauti ilikuwa kwamba maji ya von Hassel yalifanya kile alichoahidiwa. Tuseme pia lisilopendeza kusikika: bombomu haikuua wengi kama watu wanavyodhani. Makadirio ya Wajerumani yalikuwa Waafrika 75,000 waliokufa katika vita vya Maji Maji, na wanahistoria wa baadaye, akiwemo G. C. K. Gwassa, walipandisha hadi 250,000 au 300,000. Sehemu kubwa ya hao waliuawa na njaa, baada ya serikali kuchoma mashamba na maghala. Kiberiti hakihitaji kupozwa.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipofika, bombomu haikuwa tena ya upande mmoja. Novemba 1914 Waingereza walishusha Tanga jeshi la watu wapatao 8,000 kutoka India dhidi ya Wajerumani na askari wao wapatao 1,000 wa Paul von Lettow-Vorbeck. Makampuni mengi ya askari hao bado yalikuwa na bunduki za mwaka 1871 zinazotoa wingu la moshi kila zikifyatuliwa, lakini bombomu zao zilipangwa vizuri na waliozishika waliijua kazi. Jeshi la India lilivunjika. Nyuki waliochokozwa kwenye mizinga yao wakalimalizia. Kwa hesabu ya Lettow-Vorbeck, Waingereza walipanda tena melini wakiacha ufukweni bombomu 16, bunduki 455 na risasi nusu milioni.

Baada ya hapo vita vilihamia kwenye nyika baina ya Voi na Taveta, mahali ambapo hata ng'ombe huona shida ya maji. Waingereza walijenga reli ya kijeshi kutoka Voi na kuvuta maji kwa mabomba kutoka vilima vya Bura ili jeshi lisife kwa kiu. Katika nchi ya namna hiyo, lita nne za bunduki ni lita nne ambazo hakuna mtu atakayezinywa. Makamanda wa Ulaya waliozoea visima na mito hawakuwahi kulipigia hesabu jambo hili. Mpagazi alilipigia, maana debe lilikuwa kichwani kwake. Jeshi la wapagazi wa Waingereza, ambalo jina lake tunalo hadi leo kwenye Kariakoo ya Dar es Salaam, lilipoteza watu wapatao 100,000 kwa maradhi, njaa na uchovu.

Kulikuwa na jambo jingine la mvuke. Maji yanayochemka hutoa moshi mweupe unaopanda moja kwa moja na kumwambia adui ulipo. Kwa hiyo Vickers iliungwa mpira uliotoka kwenye ala hadi kwenye kopo lenye maji kidogo. Mvuke uliingia humo, ukageuka maji tena, na maji hayo yakarudishwa kwenye ala. Ni ubahili wa busara. Ulaya wakati wa baridi walitia gliserini ili maji yasigande na kupasua ala. Nyika ya Taveta haikuwa na shida hiyo.

Kisa kinachosimuliwa kuliko vyote ni cha High Wood nchini Ufaransa, Agosti 1916. Graham Seton Hutchison, aliyekuwa mkuu wa kikosi cha bombomu cha Kiingereza, aliandika kwamba Vickers 10 zilipiga kwa saa 12 na kumaliza karibu risasi milioni moja, mitutu ikibadilishwa kila mara. Maji yote ya kunywa ya kikosi yakaisha, na mwishowe askari wakakojoa kwenye makopo ili bunduki zisikauke. Kisa kitamu. Wanahistoria waliolinganisha hesabu hiyo na kumbukumbu za kikosi wameitilia shaka kubwa, nami naegemea upande wao, kwani milioni moja ni namba inayopenda kuja kwenye simulizi za waliorudi salama. Habari ya mkojo lakini haina ajabu yoyote. Mkojo ni maji, na bunduki haichagui.

Wakati Vickers inachemka Ufaransa, hewa ilikuwa imeanza kuchukua nafasi ya maji. Kanali Isaac Newton Lewis wa Marekani alitoa mwaka 1911 bombomu ya kilo kama 13, inayobebwa na mtu mmoja. Mtutu wake ulivikwa mapezi marefu ya alumini, kisha bomba pana juu yake. Kila risasi ilipotoka, mlipuko wa mdomoni ulivuta hewa kutoka nyuma, ikapita katikati ya mapezi na kuondoka na joto. Marubani waliifunga kwenye ndege wakavua lile bomba la nje, kwa kuwa upepo wa angani uliwatosha, na baadaye watu wa nchi kavu wakagundua kuwa hata chini inafanya kazi bila hilo. Pamoja na mapezi yote hayo, Lewis haikuweza kupiga mfululizo kama Maxim. Ilipiga kidogo, ikapumzishwa. Lakini haikunywa.

Mabadiliko hayo yanaonekana waziwazi kwenye orodha moja ya mwaka 1918. Tarehe 25 Novemba, wiki mbili baada ya Ulaya kutulia, Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha pale Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, nchini Zambia. Miaka minne alikuwa akijilisha kwa kuwapora adui zake. Aliweka chini bunduki 1,071 za Kiingereza na Kireno, mzinga mmoja wa Kireno, na bombomu 37. Kati ya hizo 37, saba tu zilikuwa za Kijerumani. 16 zilikuwa nzito za Kiingereza na 14 nyepesi za Kiingereza. Kwa jeshi linalokimbia, lililovuka Ruvuma kwenda Msumbiji na kurudi, kila bombomu nyepesi ilikuwa wapagazi kadhaa waliopunguziwa mzigo.

Vita Vikuu vya Pili vilileta ufumbuzi wa tatu, nao ni kukubali kuwa mtutu utapata moto na kuutoa. Bombomu nyepesi ya Bren, iliyobuniwa Brno huko Chekoslovakia na kuundwa Enfield nchini Uingereza, ndiyo waliyopewa askari wa King's African Rifles. Walikwenda nayo Uhabeshi mwaka 1941, kisha Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw kwenye mvua za masika na kufika mto Chindwin mwishoni mwa 1944. Watu wawili walikuwa na bunduki moja. Wa kwanza alipiga. Wa pili alibeba magazini na mtutu wa akiba, na kazi yake kubwa ilikuwa kuhesabu. Magazini 10 zikiisha kwa upigaji wa haraka, alifungua komeo, akaushika mtutu kwa mpini wa mbao uliokuwa juu yake, akauchomoa ukifuka, akachomeka wa pili. Aliyezoea alihitaji sekunde chache. Ule wa moto uliwekwa pembeni, na kule Burma majani mabichi na mvua vilimaliza kazi. Wajerumani na MG 42 yao, iliyopiga risasi 1,200 kwa dakika, walibadilisha mapema zaidi, na kwa kuwa mtutu wao haukuwa na mpini, walipewa kitambaa kinene cha asbesto cha kuushikia.

Mbinu ya nne haionekani kwa macho. Ndani ya mitutu mingi ya AK, pamoja na silaha nyingine za kijeshi za baada ya 1945, kumepakwa kromi ngumu. Kromi huyeyuka kwenye joto la nyuzi kama 1,900, juu zaidi ya chuma cha pua, na gesi ya baruti huila kwa shida. Haipozi kitu. Inafanya mtutu uvumilie. Mwenye AK hana mtutu wa akiba mgongoni, na akimwaga magazini kadhaa mfululizo, mbao za mbele huanza kutoa moshi mkononi mwake.

Jeshi la Uingereza liliistaafisha Vickers mwaka 1968, na ala ya maji ikaenda nayo. Iliyochukua nafasi yake hubadilishwa mtutu kama Bren. Kwa raia wenye bunduki za shabaha hali ni ya upole zaidi, ingawa moto ni uleule. Mtutu wa risasi ndogo zenye baruti nyingi unaweza kupoteza shabaha kabla ya risasi 2,000. Wa risasi za wastani, ukitunzwa, hupita 5,000. Kwa hiyo wapiga shabaha hupiga tatu au tano, kisha huacha bunduki wazi nyuma, mdomo ukiangalia juu, ili hewa ya moto ipande na ya baridi iingie kwa chini. Wengine huchomeka feni ndogo ya betri kwenye chumba cha risasi. Kipimo chao ni kiganja: mtutu usioshikika kwa sekunde chache haupigwi tena mpaka upoe.